Raha ya Nyumba Isiyodaiwa

Siku ya Mei Mosi mwaka 2025, wafanyakazi walipokusanyika Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai ya mwaka ule. Nyongeza ya shilingi 130,000 si kitu cha kubeza. Wafanyakazi walishangilia, nasi tulishangilia pamoja nao. Lakini tangu wakati ule liko swali moja ambalo limekuwa likitusumbua, na leo twapenda kuliweka mbele ya ndugu wasomaji wetu bila ya kuficha. Swali lenyewe ni hili: Zile shilingi 130,000 zimekwenda wapi?

Hatuulizi kwa nia ya kumlaumu mtu. Twaijua bei ya unga na mafuta ya kula, twaijua nauli ya daladala, twaijua na kodi ya chumba. Katika nyumba nyingi fedha ile iliingia moja kwa moja sufuriani, na huko ndiko ilikostahili kuingia. Kwa watu hao hatuna neno ila la pongezi. Tunaowauliza ni wale wengine, nao si wachache, ambao kabla nyongeza haijafika mkononi walikuwa wamekwisha kuikopea, na ambao leo, kwa mshahara mkubwa zaidi, hulala na wasiwasi mwingi zaidi kuliko zamani.

Tuchukue mfano wa bwana mmoja. Hatumpi jina, kwa sababu majina yake ni mengi. Huenda ni karani, au mwalimu, au fundi wa karakana. Ana mke na watoto watatu. Nyumbani kwake mna vyumba viwili, kitanda kizuri, kabati, mkeka safi, meza, na viti vinne vya mninga alivyoachiwa na marehemu baba yake. Siku moja alialikwa kwa mwenzake wa kazini. Akaketi juu ya makochi mapya, akatazama televisheni pana kama mlango. Aliporudi kwake usiku ule, vile viti vinne, ambavyo asubuhi vilikuwa viti vya heshima, vilikuwa vimekwisha kugeuka aibu. Hapana mtu aliyemwibia. Hapana kitu kilichovunjika. Kilichobadilika ni jicho lake tu. Mwisho wa mwezi alikwenda kukopa, makochi yakaja, na viti vya baba vikatolewa uani vikaliwa na mvua. Wazee wetu walituonya zamani: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Makochi ni mfano mmoja tu. Liko na jambo la harusi. Kuchangiana ni mila yetu njema, na asiyechangia mwenzake ataomboleza peke yake. Zamani jirani alileta mchele, mwingine alileta kuni, na asiye na kitu alileta mikono yake akapika na kuteka maji. Siku hizi huletwa kadi yenye kutaja kiasi. Kwanza ni ya kicheni pati, kisha ya sendofu, kisha ya harusi yenyewe, na juu yake sare ya kitambaa, ukumbi, mpambaji, mpiga picha na mshehereshaji. Mwenye harusi hukopa ili asionekane mnyonge, na mwenye kuchangia hukopa ili asionekane bahili. Basi watu wawili waliokopa hukutana ukumbini usiku mmoja na kupigiana makofi. Asubuhi yake mmoja hana kodi ya nyumba na mwingine hana ada ya mtoto. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Tutazame sasa fedha hizo hukopwa wapi, maana hapa ndipo penye jeraha. Kwa mtumishi wa umma iko kanuni ya siku nyingi ya kumlinda: makato yoyote atakayokatwa, mshahara unaomfikia mkononi usipungue theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kanuni hiyo ni ngao. Waliomtungia walijua kwamba mtu aliyekatwa mshahara wote hana nguvu ya kufanya kazi wala ya kulisha watoto. Lakini theluthi mbili zikisha kufungwa na mkopo wa benki, na tamaa ikawa haijakwisha, mtumishi huyo huiacha ngao yake mlangoni akatoka nje kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Mkopo wa huko wananchi wenyewe wameupa jina lake, nalo halihitaji maelezo: kausha damu.

Tupige hesabu kidogo. Mtu amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi hutoa shilingi 40,000 za riba, naye hujiona analipa deni. Ukipita mwaka mmoja atakuwa ametoa shilingi 480,000, na zile shilingi 200,000 alizokopa ziko palepale, hazikuguswa. Wako wakopeshaji ambao huchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara ikifika, mkopeshaji ndiye mtu wa kwanza kwenye mashine ya kutolea fedha, na mwenye jasho husimama kando akingoja atupiwe mabaki. Je, ndugu wasomaji, mtu huyo ana tofauti gani na manamba wa mashamba ya mkonge wa zamani, aliyefanya kazi ya mwezi mzima na kukuta ujira wake umekwisha dukani?

Wengine huona aibu ya kwenda kwa mkopeshaji uso kwa uso, kwa hiyo hukopa kwa simu. Hapo nako hakuna sitiri. Akichelewa siku moja, jina lake hutangazwa kwa watu wote ambao namba zao zimo katika simu yake: mkwe wake, mkuu wake wa kazi, na mwalimu wa mtoto wake. Uovu huu ulizidi hata Benki Kuu ya Tanzania, mwezi wa Novemba 2024, ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa mtandao bila ya leseni. Ile ilikuwa kazi njema, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yafaa isimamiwe bila ya huruma kwa wanyonyaji hao. Lakini sheria hufunga mlango wa mkopeshaji tu. Mlango wa tamaa uko ndani ya nyumba zetu, na huo hatuna budi kuufunga wenyewe.

Basi na tuingie ndani ya nyumba tukatazame ni kitu gani tunachokikimbia. Nyumba njema si mlango. Zile nyumba za Kiswahili walizojenga wazee wetu, ambazo zingali nyingi katika Magomeni, Temeke, Tanga na Ujiji, zina ukumbi mrefu katikati, vyumba kila upande, uani nyuma penye jiko na kamba ya kuanikia nguo, na baraza mbele. Aliyeibuni nyumba hiyo alikuwa na akili nyingi. Baraza ni ya wageni na wapita njia, pasipo gharama ila mkeka, kahawa na kashata. Uani ni wa wenyewe, wala hapana mtu anayetazama. Hapana pahali pa maonyesho katika nyumba ile. Fahari ya mwenye nyumba ilikuwa ni baraza iliyofagiwa na salamu iliyoitikiwa.

Katika uani huohuo mna utajiri ambao wengi wetu tumeusahau. Mbegu za mchicha zikimwagwa katika kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka, au hata katika karai bovu lililojazwa udongo na samadi, mboga huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hayataki hata mbegu. Huchomekwa kipande cha shina, kikamwagiwa maji yaliyooshea vyombo, kikaota. Hatusemi kwamba mchicha utaondoa umaskini wa nchi. Twasema kwamba mtu aliyechuma mboga yake jioni hakwenda gengeni jioni ile, na mtoto aliyeimwagilia amejifunza jambo ambalo televisheni haikumfundisha.

Hebu tuitazame jioni ya nyumba ya namna hiyo. Maharage yako juu ya mkaa. Watoto wamelala kifudifudi mkekani na madaftari yao, na yule wa darasa la sita anamsomesha wa darasa la pili. Baba anapigilia mguu wa kigoda uliolegea, naye anasikiliza taarifa ya habari kutoka redioni. Jirani amekuja kuomba chumvi, ameketi, na chumvi imesahauliwa. Baada ya chakula bibi anasema, "Paukwa!" na watoto wote wanaitikia, "Pakawa!" Sungura anamdanganya fisi kwa mara ya mia moja, na bado wanacheka. Simu ikilia hapana mtu anayeshtuka, maana hapana anayewadai. Twauliza: jioni hiyo imegharimu kiasi gani? Na yule bwana wa makochi, ambaye simu ikilia huwaambia watoto waseme baba hayupo, angetoa kiasi gani kuipata?

Hapa ndipo ilipo siri ya kuridhika. Kuridhika ni kuketi kwako bila ya hofu. Mtu huweza kuwa na vyumba viwili akawa nako, na mwingine akawa na ghorofa asiwe nako. Hatusemi televisheni ni dhambi, wala makochi si haramu. Kiti kilichonunuliwa kwa akiba hukaliwa kwa raha, na kiti cha mkopo humchoma mwenyewe kila akikalia. Tofauti yao haiko katika kitambaa.

Tunamsikia msomaji mmoja akinong'ona: "Je, gazeti hili sasa linawahubiria wafanyakazi waridhike na umaskini?" La, hasha! Nyumba rahisi si nyumba duni. Maji safi, choo kizuri, paa lisilovuja, chandarua, taa ya kusomea mtoto na chakula cha kutosha si anasa. Ni haki ya kila mwananchi, na asiyekuwa navyo asiridhike hata siku moja mpaka avipate. Wala hatumwambii mfanyakazi anyamaze juu ya ujira wake. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai mishahara bora, na mgomo ule ukaenea bara kufuata njia ya reli, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kusikiliza na wafanyakazi wa bandari wakaongezwa ujira. Wale hawakuwa watu wa kuridhika na dhuluma.

Lakini hebu tufikiri. Kama kila mmoja wa watu wale angekuwa amemkabidhi mkopeshaji mshahara wake wa miezi sita ijayo, mgomo ungedumu siku ngapi? Mwenye deni la kila mwezi hawezi kukosa hata siku moja ya ujira. Akionewa, humeza. Akihamishwa bila ya haki, hushukuru. Akiambiwa atie sahihi hati ya uongo, huitazama ile sahihi na kukumbuka tarehe ya kulipa. Ndivyo anavyoanza karani kuuza muhuri, na mtunza stoo kuuza mabati ya shule. Wengi wao hawakuzaliwa wezi. Walianza kwa kutaka kuonekana, wakamaliza kwa kujificha. Kwa hiyo twasema kwamba nyumba isiyodaiwa ni ngome ya mfanyakazi. Kutoka ndani yake aweza kudai haki yake kwa sauti kubwa, kwa sababu hapana mtu aliyemshika koo.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Mara nyingi mwanamume akisifu raha ya nyumbani, raha ile imebebwa na mgongo wa mtu mwingine. Yeye hukuta maji yamechotwa, chakula kimeiva, watoto wameogeshwa, kisha husema maisha rahisi ni matamu. Kwa mama aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akafanya biashara yake au kazi ya ofisi mchana kutwa, na akarudi kuanza kazi ya pili jioni, maisha hayo si rahisi hata kidogo. Mume asiyejua karai la nyumba yake lilipo hana haki ya kuhubiri unyenyekevu. Kama twataka nyumba ya utulivu, basi baba ateke maji, mtoto wa kiume aoshe vyombo kama dada yake, na daftari la matumizi lisomwe na wote wawili. Nyumba ambayo mmoja amepumzika na mwingine amechoka haijaridhika, imenyamaza tu.

Na wenye dhamana je? Mwananchi hutazama juu kabla ya kuamua atamani nini. Mwezi wa Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na hapa si mahali pa kurudia mjadala huo. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji masharti. Mwalimu alipotoka katika urais mwaka 1985 alirudi Butiama kijijini kwake, akashika jembe, na heshima yake haikupungua hata chembe. Leo kiongozi anayefanya harusi ya mtoto wake kwa fahari ya kutisha asishangae akisikia kwamba mhudumu wa ofisi yake amekopa kausha damu. Mhudumu yule alikuwa akijifunza kwake. Kiongozi asiyeweza kuketi kwa raha juu ya kiti cha kawaida hana neno la kumwambia mfanyakazi kuhusu uvumilivu.

Twajua kwamba mawaidha bila ya njia ni upepo. Basi twatoa mashauri machache, nayo si mageni. Siku ya mshahara, kabla ya kutoka kwenda popote, mume na mke waketi na daftari: kwanza chakula, kodi, ada na matibabu, kisha akiba, hata ikiwa ndogo, na mapambo yaje mwisho kama kumebaki kitu. Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba iweke kiwango cha michango ya mwezi, na kikisha kumalizika, mwenye kadi aambiwe kwa upole kwamba tutakuja kupika. Anayehitaji mkopo wa jambo la maana, kama vile mbegu, cherehani, paa au matibabu, aende katika ushirika wa akiba na mikopo wa wenzake wa kazini, ambako riba inajulikana na kitabu kiko wazi. Wala mtu asimpe mtu mwingine kadi yake ya benki na namba yake ya siri, hata akiambiwa maneno matamu namna gani.

Na yule ambaye amekwisha kuingia mtegoni tusimcheke. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya aibu ni kusema. Amweleze mkewe, au amweleze mumewe, na waorodheshe wadai wote mezani. Auze makochi kama yanauzika. Aende katika tawi la chama chake cha wafanyakazi akaulize haki zake mbele ya mkopeshaji asiye na leseni. Wenzake wamsaidie kwa siri, kama walivyomchangia harusi kwa hadhara. Hatuoni sababu kwa nini watu waweze kukusanya mamilioni kwa usiku mmoja wa ngoma, na wasiweze kukusanya kidogo kumtoa mwenzao kifungoni.

Nyongeza ya mshahara yaweza kuja tena, nasi tutaidai na kuipigania kama ilivyo wajibu wetu. Lakini hapana nyongeza itakayolishiba jicho linalotazama nyumba ya mwenzake. Yule bwana wa mfano wetu, kama bado yupo, twamsihi jioni ya leo atoke uani akavitazame vile viti vinne vya mninga. Mvua imevichakaza rangi, lakini mbao zake ni ngumu, na miguu yake bado imesimama. Avipanguse, avipige msasa, avirudishe ndani, aketi na wanawe. Hapana atakayekuja kuvidai.